Giza Linaloandaliwa Mapema

Umeme ukikatika usiku, hatua ya kwanza huishia kwenye stuli. Sebule ni ileile na vitu viko palepale, lakini unapapasa ukutani kama mgeni. Ukikaa robo saa bila kuwasha chochote, mambo hubadilika: ukingo wa mlango unauona, chupa ya chai unaiona, hata paka aliyejilaza mkekani. Giza halikupungua. Macho ndiyo yaliyolizoea.

Ndege inayosafiri usiku hupunguza taa za ndani kabla ya kuruka na kabla ya kutua kwa sababu hiyohiyo. Abiria wengi hudhani umeme unabanwa, au wanabembelezwa walale. Kumbe macho yao yanatayarishwa.

Nyuma ya jicho, kwenye retina, kuna seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Koni hufanya kazi mchana na kutambua rangi. Fito, ambazo ni nyingi zaidi, ndizo za gizani, nazo hutegemea kemikali nyekundu iitwayo rodopsini. Mwaka 1876 Mjerumani Franz Boll aliona kuwa wekundu wa retina ya chura huchujuka ukipigwa na mwanga, kisha hurudi chura akikaa gizani. Baadaye George Wald alionyesha kuwa kemikali hiyo hujengwa kwa vitamini A, na mwaka 1967 akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Ndiyo maana mtoto anayekosa vitamini hiyo huanza kwa kushindwa kuona jua likishazama.

Tatizo ni mwendo wa kazi hiyo. Kuchujuka ni mara moja. Kurudi ni taratibu. Mboni hupanuka kwa sekunde chache, koni huhitaji takriban dakika 10, na fito dakika 20 hadi 30 au zaidi.

Ndani ya ndege inayoungua hakuna dakika hizo. Ndege yenye viti zaidi ya 44 hairuhusiwi kubeba abiria mpaka ithibitishwe kuwa watu wote wanaweza kutoka katika sekunde 90, kwenye giza, kwa nusu ya milango tu. Mwaka 2006, mjini Hamburg, watu 873 walitoka ndani ya Airbus A380 kwa sekunde 78. Sasa linganisha sekunde 90 na dakika 20. Jicho haliharakishwi, kwa hiyo huanzishwa mapema, hasa katika nyakati mbili ambazo ajali hutokea zaidi: kuruka na kutua. Dakika chache za mwanga hafifu hazimalizi kazi yote, ila zinatosha kumpunguzia mtu kupapasa, na vijitaa vya sakafuni vinavyoelekeza mlangoni huonekana vizuri zaidi.

Kuna faida nyingine. Usiku, taa za sebuleni zikiwaka, dirisha hukuonyesha uso wako mwenyewe. Zima taa, utaona uani. Dirisha la ndege ni vivyo hivyo, na ndiyo sababu pia unaambiwa ufungue kifuniko chake: mhudumu lazima ajue moto uko upande gani kabla ya kufungua mlango. Januari 2, 2024, giza likiwa limeshaingia, ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikitua Haneda, Tokyo, iligongana na ndege ya walinzi wa pwani na kushika moto. Watano kati ya sita waliokuwa katika ndege hiyo ndogo walifariki. Katika ile kubwa, wote 379 walitoka salama, kwa milango 3 tu kati ya 8.

Basi safari ijayo, taa zikififia, weka simu mfukoni. Kioo chake kinachong'aa usoni huchujua kile ambacho macho yameanza kukusanya. Badala yake, hesabu viti vilivyopo kati yako na mlango wa karibu, mbele na nyuma. Moshi ukijaa, hata macho yaliyozoea giza hayatakusaidia. Mkono unaojua hesabu utakufikisha.