Je, Wajua? Mafuta Mengi ya Ini Hayatoki Sahanini

Ini la mtu asiyeonja pombe laweza kujaa mafuta na kupata makovu kama la mlevi. Mwaka 1980, daktari Jürgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza hali hiyo kwa wagonjwa 20 na kuipa jina.

Mafuta hayo hutoka wapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliyafuatilia ndani ya miili ya wagonjwa. Takriban asilimia 59 yaliletwa na damu, mengi yakivuja kutoka kwenye akiba ya mwili. Asilimia 26 yalitengenezwa na ini lenyewe, kazi inayochochewa na sukari. Asilimia 15 tu yalitoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula.

Kiini cha tatizo ni insulini kutotiiwa. Kwa kawaida homoni hii huziamuru seli za mafuta zifunge ghala zao. Zikikaidi, mafuta humiminika hadi kwenye ini. Humo mitokondria, vinu vya nishati vya seli, huzidiwa na kazi ya kuyaunguza, kisha hutoa kemikali zinazojeruhi seli. Seli za jirani nazo huanza kusuka makovu.

Mwenye uzito uliozidi akipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake, mafuta ya ini hupungua sana.