Roboti Iliyopewa Uraia Bila Barua ya Chifu

Mnamo Oktoba 2017, kwenye mkutano wa wawekezaji jijini Riyadh, ilitangazwa kwamba Saudi Arabia imeipa uraia roboti iitwayo Sophia. Ni kazi ya kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong: uso wa mwanamke, kisogo kilichoachwa wazi mitambo ikionekana, na maneno ya kutosha kumjibu mwandishi aliyekuwa akiihoji jukwaani. Ikashukuru, ikasema inaona fahari kubwa.

Februari ya mwaka huohuo, huku Kwale, pwani ya Kenya, Wamakonde ndio kwanza walikuwa wanaanza kupewa vipande, yaani vitambulisho, vya Kenya. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za mkoloni kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, na wajukuu wakazaliwa hapa bila karatasi. Oktoba 2016 walifunga safari kwenda Nairobi kumtafuta Rais mwenyewe, na hatimaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba, majirani zao wavuvi, walingoja hadi 2023.

Mimi ni msaidizi wa kisheria Msambweni. Kazi yangu ni kujaza fomu, kufuatana na watu kwa chifu kuomba barua, kusaka wazee wa kushuhudia kwamba fulani kazaliwa hapa, kisha kumsindikiza huyo fulani mbele ya kamati akapigwe msasa. Asiye na kipande hasajili laini ya simu kwa jina lake. Bila laini hakuna M-Pesa, na bila M-Pesa hata samaki wako anauzwa kwa jina la mtu mwingine. Nilipomsimulia mzee mmoja wa Kimakonde habari za Sophia, hakucheka. Aliniuliza, "Na mashahidi wake walikuwa kina nani, mwanangu?"

Mzee hakusoma sheria, lakini aligusa penyewe. Katiba ya Kenya inamuuliza raia wa kuzaliwa: mama yako au baba yako ni nani? Mgeni anayetaka kuandikishwa inamdai miaka 7 mfululizo ya kuishi hapa kihalali. Sheria inamtaka pia ajue Kiswahili au lugha nyingine ya hapa, na kwenye mtihani huo, nisiwe mnafiki, programu za siku hizi zingewashinda mabwana wengi wa Nairobi. Sophia haikuulizwa lolote kati ya hayo. Wakati huo wanawake wa Saudi Arabia walikuwa bado hawawezi kuendesha gari kihalali, kwa kuwa ruhusa ilianza kutumika Juni 2018, na mabinti zetu wanaofanya kazi za nyumbani kule walikuwa wamefungwa kwa mdhamini chini ya mfumo wa kafala. Wanawake wengi waliona haraka kwamba roboti ilisimama jukwaani bila mtandio na bila mlezi wa kiume. Kwangu mimi uraia ule ulikuwa tangazo la biashara. Mwezi uliofuata wilaya ya Shibuya, Tokyo, nayo ikaandikisha kama mkazi programu inayojifanya mvulana wa miaka 7.

Tuache maonyesho, kwa sababu swali la haki ni zito kuliko lile la uraia. Sheria haijawahi kusema kwamba mwenye haki lazima awe na damu. Kampuni inamiliki ardhi, inashtaki na kushtakiwa. Katiba yetu, kifungu cha 260, inaihesabu kuwa mtu. Nchini India mahakama zinaitambua miungu ya mahekalu kuwa wamiliki wa mali. New Zealand mwaka 2017 iliutambua mto Whanganui kuwa mtu mbele ya sheria. Kwa hiyo hoja ya kwamba mashine haina roho haitoshi kufunga mjadala. Mto nao sheria haikuuuliza habari za roho.

Ila kila mmoja wa hao ana watu waliosimama nyuma yake, tena kwa majina. Mto Whanganui una wasemaji wawili, mmoja kateuliwa na serikali, mwingine na Wamaori wenyewe. Kampuni ina wakurugenzi, na ikikudhulumu, mali yake inaweza kupigwa mnada.

Mashine itapigwa mnada nini? Hilo ndilo lililoikwamisha Ulaya. Februari 2017 Bunge la Ulaya lilipendekeza ifikiriwe hadhi ya "mtu wa kielektroniki" kwa roboti zinazojiamulia mambo, ili zilipe hasara zinazosababisha. Mwaka uliofuata zaidi ya wataalamu 150 waliandika barua ya kupinga, na 2020 bunge hilohilo likasema mifumo ya akili unde haihitaji hadhi hiyo. Mfuko wa roboti ni ule tu ambao mwenye roboti ataamua kuujaza. Akiuacha mtupu, aliyegongwa na roboti atashinda kesi na kurudi nyumbani na hukumu isiyolipika.

Kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya Kanada. Mtu alifiwa na bibi yake mwaka 2022, akaingia kwenye tovuti ya shirika la ndege la Air Canada na kuuliza programu ya mazungumzo kuhusu nauli nafuu ya wafiwa. Programu ikamwambia anunue tiketi tu, kisha aombe kurudishiwa tofauti ndani ya siku 90. Akanunua, akasafiri, akaomba. Shirika likakataa: kanuni zetu haziruhusu kuomba baada ya safari. Alipolishtaki kwenye baraza la madai madogo la British Columbia, hoja yao ilikuwa, kwa ufupi, kwamba ile programu ni kitu kinachojitegemea na kinawajibika kwa matendo yake chenyewe. Baraza likashangaa. Februari 2024 likaamua kwamba kila kilicho kwenye tovuti ya shirika ni neno la shirika, na likaamuru alipwe kama dola 800 za huko.

Tazama basi ni nani aliyeidai hadhi hiyo. Programu haikuomba haki yoyote. Aliyeiombea ni tajiri wake, tena siku ya kudaiwa. Mwaka 2021 Afrika Kusini, ambayo haichunguzi kwa undani maombi ya hataza, ilitoa hataza ikiitaja mashine iitwayo DABUS kuwa mvumbuzi. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa ombi kama hilo Desemba 2023. Pale pia aliyedai kuimiliki hataza alikuwa binadamu, mwenye mashine.

Kuna wanaouliza: je, ikija mashine inayoumia kweli? Silidharau swali hilo. Lakini punda wa Lamu anaumia, na sheria ya Kenya inakataza kumtesa na inamwadhibu anayemtesa, bila ya punda kupewa kipande wala kura. Siku ikithibitika kuna mashine inayohisi maumivu, tuanzie hapo. Kura siwezi kuikubali, maana programu inanakiliwa usiku mmoja mara milioni, na mwenye kompyuta nyingi angeamka na jimbo zima mfukoni.

Kwa sasa wanaonijia kwa habari za mashine ni wale waliokataliwa nazo. Muuza samaki anaomba mkopo kwa simu, programu inamjibu hapana, na hapewi sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutokabidhiwa kwa mashine peke yake katika uamuzi unaomwathiri sana. Aarifiwe kwa maandishi, na akitaka, uamuzi ufikiriwe upya. Wengi hawajui kama kifungu hicho kipo. Nawaandikia barua, ukurasa mmoja, iliyoelekezwa kwa jina la kampuni inayokopesha na kwa anwani yake iliyosajiliwa. Jina la programu naliweka kwenye kichwa cha habari tu, ili wajue ni mkopo gani tunaouzungumzia.