Kuagana na Darasa la Saba, Newala

Ndugu wanachama, msimu wa kuchuma unapokaribia, watu wakaanza kuulizana habari za majamvi na wachumaji, mimi hukumbuka darasa moja nililolisomesha mbali na kisiwa chetu. Nimeona yafaa nikuhadithieni.

Nikiwa mwalimu kijana nalipangiwa skuli moja ya Newala, juu ya Uwanda wa Makonde. Ukitoka Masasi, penye majabali makubwa, gari hupanda mpaka juu, na pale Shimo la Mungu utaona bonde la Ruvuma limeenea chini kuelekea Msumbiji. Njia hiyo si ngeni kwa watu wa visiwani. Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na wengi wao wakafanya makazi Masasi. Baadaye vijana wa huko walikuja Kiungani kusomea ualimu, wakarudi kufundisha kwao.

Nalikuta shida mbili. Ya kwanza ni maji. Mchanga wa uwandani hunywa mvua yote, na mashine ya kupandisha maji ikiharibika, watu huteremka bondeni na ndoo. Ya pili ni korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani kama 145,000. Ule wa 1986/87 hazikufika 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mashamba yakabaki mbali. Bei ilikuwa ndogo. Tena ugonjwa wa ubwiri unga uliharibu maua ya mikorosho. Sisi tulioona miaka mibaya ya karafuu twajua nyumba inakuwaje zao likianguka: mtoto ndiye wa kwanza kutolewa darasani.

Darasa langu la saba la mwaka 1986 lilikuwa na watoto 38, na kitabu kimoja kilisomwa na wanne. Walakini walipatana jambo ambalo sikuwafundisha. Mama wa mwenzao akiugua, wengine walimchotea maji kabla ya alfajiri, ili mwenzao asikose skuli. Wakati wa palizi walikwenda pamoja kila Jumamosi, leo shamba la huyu, wiki ijayo la yule. Aliyejua hesabu aliwaeleza wenziwe chini ya mkorosho. Siku ya mtihani walikaa wote 38.

Siku ya kuagana majibu yalikuwa bado, na kila mmoja alijua kwamba nafasi za sekondari ni chache mno. Waliniletea korosho za kukaanga, kila mtoto gao moja, zimefungwa katika kitambaa kimoja. Nalijua hali ya mikorosho mwaka ule, nikaona uzito wa zawadi ile. Mimi nalikuwa na kopo la karafuu nililoletewa na mama yangu, nikawagawia punje chache kila mmoja. Kijana mmoja alinusa akauliza, "Mwalimu, hii ni mbegu?" Nikamwambia, "La, ni ua lililochumwa kabla halijafunguka."

Nalikuwa nimetengeneza hotuba, lakini sauti ilinikatika. Nikasema tu, "Wanangu, atakayeitwa asimsahau atakayebaki, na atakayebaki asidhani kusoma kumekwisha." Msichana kiongozi wa darasa akajibu, "Mwalimu, sisi tutabaki darasa."

Majibu yalipotoka, waliitwa wanne. Wale 34 walibaki na majembe yao. Walakini barua zao zilinifuata huku kisiwani. Unga wa salfa wa kutibu mikorosho ulipofika, wao ndio waliowapimia jirani zao na kuwasomea maelezo. Na mmoja aliniandikia kwamba siku za kuuza, wazee humwita asimame karibu na mizani ya chama, awasomee kilo na stakabadhi.

Basi, ndugu zangu, najua karafuu ikiwa tayari haingoji. Ikifunguka ua, thamani yake imepungua. Lakini mtoto naye ana msimu wake. Tukitaka msaada wake, tumpe Jumamosi na siku za likizo, na siku za skuli tumwache aende. Mizani yetu pia yataka mtu wa kuisoma.