Faili lililokatikia njiani

Kutoka Koboko hadi Arua, eneo la West Nile nchini Uganda, ni kama kilomita 55. Mwandishi wa redio aliyerekodi mahojiano ya dakika tano mpakani Oraba, upande wa Koboko, aweza kupanda gari akaleta kadi ya kumbukumbu mkononi, na siku nyingine hiyo ndiyo njia ya haraka. Sauti isiyobanwa hula takriban megabaiti 10 kwa dakika. Ikibanwa kuwa MP3 ya kawaida, hubaki moja hivi. Basi kabla ya kuzungumzia seva ya kumpokelea faili studioni Arua, abane.

Maelekezo mengi ya seva za mafaili bado huanza na FTP, itifaki ya kuhamisha mafaili. Abhay Bhushan aliandika maelezo yake ya kwanza Aprili 1971, enzi ambayo mtandao ulikuwa wa watafiti wachache, ndiyo maana hupitisha nenosiri wazi kama kadi ya posta. Debian walishafunga seva zao za FTP za umma mwaka 2017. Kwenye Unix tumia SFTP, inayokuja na OpenSSH. Majina yamefanana tu. Ni vitu viwili mbalimbali.

Mfungie mwandishi kwenye folda moja kwa mpangilio wa ChrootDirectory. Hapa wengi hukesha bure: folda hiyo lazima imilikiwe na root, na mwingine yeyote asiwe na ruhusa ya kuiandikia. Ukimmilikisha mwandishi, seva humtoa mlangoni bila maelezo. Mtengenezee folda ndogo ndani yake, hiyo ndiyo iwe yake.

Sasa umeme. West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, na mtambo wa maji wa Nyagak, ulioanza kazi 2012, ni wa megawati 3.5 tu. Tuseme umeme umezimika faili likiwa nusu. Kwenye folda litaonekana kwa jina lile lile la faili zima. Mtangazaji wa Arua analifungua hewani, mama wa sokoni anaanza kueleza bei ya mihogo, halafu kimya.

Dawa yake haina gharama. Faili litumwe kwa jina la muda, mathalani mahojiano.mp3.bado, na likishafika lote ndipo libadilishwe jina. Ndani ya mfumo mmoja wa mafaili, Unix hubadilisha jina kwa tendo moja lisilogawanyika, kwa hiyo mtangazaji hatakuta jina kamili lenye sauti pungufu. Umeme ukirudi, amri ya reput ya SFTP huendelea pale ilipoishia, na bando haliliwi mara mbili. Rsync nayo hufanya hivyo vizuri, ila akaunti iliyofungiwa SFTP pekee haitaikubali.

Kwa seva yenyewe, mimi ningechagua laptopu kuukuu yenye betri nzima. Ila ruta nayo itafutiwe betri yake, maana ikizimika, laptopu itabaki macho peke yake.