Laptopu ya Zamani, Bando la Simu: Jinsi ya Kuwa na Ofisi ya Shamba Nyumbani

Leo tunaweka pembeni kidogo mbolea na bakajani, tuongelee kifaa ambacho wengi wenu mnacho ila kimelala kabatini: laptopu ya zamani. Nikitembelea mashamba, iwe Soni, Lukozi au Mlalo, swali linakuja lile lile: "Bwana shamba, hivi bando la simu linaweza kufanya kazi kwenye laptopu?" Linaweza, na simu yako haihitaji kifaa kingine chochote cha kununua.

Kuunganisha kwenyewe ni dakika mbili. Kinachowashinda watu ni tabia za laptopu yenye umri, na bando linaloisha kabla kazi haijaisha. Kwa hiyo tutaenda taratibu.

Kwa nini usumbuke wakati simu unayo?

Kuuliza bei ya hoho Kariakoo, simu inatosha. Lakini kazi ya kilimo biashara imebadilika. Tangu mwaka 2023 zabuni za taasisi za umma zinapitia mfumo wa NeST. Shule ya bweni au hospitali ya serikali inayonunua kabichi, karoti na viazi kwa fedha za umma inatangaza humo. Na sheria ya ununuzi inataka asilimia 30 itengwe kwa makundi maalumu, vijana tukiwemo. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo vijana wana fungu lao la asilimia 4, nayo maombi yake yamehamia mtandaoni.

Fomu hizi zina kurasa nyingi na viambatisho. Kwenye skrini ya simu unabonyeza pasipo, unarudi mwanzo. Matokeo yake kijana wa Mtae anapanda gari mpaka Lushoto mjini, anapoteza siku nzima, analipa steshenari, na kibaya zaidi anaacha huko neno la siri la akaunti ya kikundi pamoja na namba za NIDA za wenzake. Wenye steshenari wengi ni watu waaminifu, lakini ufunguo wa ghala lako humwachii mtu wa njiani. Akaunti ya zabuni ni ghala pia. Anayeshika neno la siri ndiye anayeshika biashara.

Njia ya kwanza: hotspoti ya Wi-Fi

1. Kwenye simu fungua mipangilio, tafuta sehemu iliyoandikwa "Hotspot & tethering" au jina linalofanana na hilo.
2. Ipe hotspoti jina lako na neno la siri lenye herufi 8 au zaidi. Usiiache wazi, jirani atakunywa bando lako akiwa amekaa kwake.
3. Washa. Kwenye laptopu bonyeza alama ya mtandao pale chini kulia, chagua jina lako, andika neno la siri.

Laptopu haioni jina la simu? Angalia mambo matatu. Kwanza, laptopu nyingi za zamani zina swichi ndogo ya Wi-Fi ubavuni, au kitufe chenye alama ya mnara kinachobonyezwa pamoja na Fn. Pili, simu mpya zinaweza kurusha kwa masafa ya 5 GHz, na laptopu nyingi za zamani zinasikia 2.4 GHz peke yake. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, chagua 2.4 GHz. Tatu, ulinzi ukiwa umewekwa WPA3, laptopu ya zamani itagoma, hivyo weka WPA2.

Njia ya pili: waya wa USB

Hii ndiyo naipenda kwa laptopu iliyochoka. Hata kama Wi-Fi yake ilishakufa, waya utakuokoa. Chomeka simu kwanza, ndipo urudi kwenye mipangilio uwashe "USB tethering". Usipochomeka, kitufe hicho hakikubali. Simu inapata chaji hapo hapo, na hakuna jirani wa kudandia. Ila ujue chaji hiyo inatoka kwenye laptopu. Umeme ukikatika na betri ya laptopu ni dhaifu, muda wako ni mfupi.

Ikigoma, badilisha waya kabla hujamwita fundi. Nyaya nyingi za bei rahisi zinapitisha chaji tu, taarifa hazipiti. Tumia ule uliokuja na simu. Windows 7 inaweza kuchukua dakika kadhaa kuitambua simu mara ya kwanza, kwa hiyo vuta subira.

Imeunganishwa lakini kurasa hazifunguki

Hapa wengi wanalaumu mtandao bure. Tazama tarehe ya laptopu. Ndani yake kuna kibetri kidogo kinachotunza saa. Kikifa, kila ukizima na kuwasha, tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Kurasa salama zinakagua tarehe, hivyo ukiwa nyuma kwa miaka 10 zitakukatalia na kukuonya kwamba muunganisho si salama. Rekebisha tarehe na saa kwanza, ujaribu tena. Fundi wa kompyuta anaweza kubadilisha kibetri hicho, si lazima ununue laptopu nyingine.

Sababu nyingine ni kivinjari kilichopitwa na wakati. Toleo la mwisho la Chrome kwa Windows 7 ni la 109, lililotoka mwaka 2023. Kwenye laptopu ya namna hiyo jaribu Firefox toleo la 115 la ESR, ndilo la mwisho la Firefox linalokubali Windows 7.

Zuia bando lisivuje

Laptopu haijui kwamba unanunua intaneti kwa vocha. Yenyewe inadhani iko ofisini, mtandao bwerere. Ikipata hewa tu inaanza kupakua masasisho ya Windows, na hayo yanaweza kumeza mamia ya MB au hata GB nzima ukiwa hujafungua ukurasa wowote.

Kwenye Windows 10, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, fungua ule uliounganishwa, kisha washa "Metered connection". Hapo umeiambia laptopu kwamba hili ni bando la kupimwa, itaacha kupakua mengi kwa siri. Fanya hivyo mara tu unapounganisha, kabla ya kitu kingine.

Halafu jenga nidhamu hii: andika barua, jaza majedwali ya bei na mavuno, panga viambatisho, vyote hotspoti ikiwa imezimwa. Kazi ikishakamilika, washa, tuma, zima. Picha za vyeti zipunguze ukubwa kabla ya kutuma. Picha 10 za MB 4 kila moja ni MB 40, na mtandao ukiwa dhaifu zinaweza kukwama katikati. Zikipunguzwa mpaka MB 1 kila moja, maandishi yatasomeka vizuri na umeokoa MB 30.

Milima yetu na mnara

Huku Usambara nyumba ikiwa bondeni, mgongo wa mlima unakaa kati yako na mnara. Faida ya hotspoti ni kwamba simu na laptopu si lazima vikae pamoja. Weka simu dirishani, upande ambao kwa kawaida unapata mtandao ukipiga simu, wewe kaa mezani mita chache kutoka hapo. Ukuta mnene wa mawe au matofali unapunguza nguvu, kwa hiyo usiiweke simu chumba cha tatu. Jambo jingine: dalali akikupigia katikati ya kutuma, intaneti inaweza kusimama. Siku ya kutuma nyaraka, tumia simu nyingine kwa mazungumzo.

Usalama

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake matundu mapya yanayogunduliwa hayazibwi. Laptopu ya hivyo itumie kwa nyaraka, majedwali na fomu. Miamala ya fedha ifanye kwenye simu. Usichomeke flashi ya kila mtu, na usihifadhi maneno ya siri ndani ya kivinjari kama laptopu inatumiwa na nyumba nzima.

Kama ina RAM ya GB 4 na bado mzima, muulize fundi kuhusu Linux Mint. Ni mfumo wa bure, bado unapata masasisho, na kwa kawaida unatambua simu ya waya bila kuhangaika. Faili lake linakaribia GB 3, kwa hiyo omba fundi alipakue kwake, usichome bando lako.

Fanya jaribio wiki hii, usisubiri tangazo

Mwisho wa kupokea maombi haungoji mtu aliyekwama bondeni na waya mbovu. Chagua jioni moja usiyo na haraka, ufanye haya:

- Unganisha kwa Wi-Fi, kisha kwa waya. Ujue ipi inakubali kwako.
- Hakikisha tarehe iko sawa, washa "Metered connection".
- Fungua ukurasa wa NeST uone kama unafunguka vizuri.
- Jitumie barua pepe yenye kiambatisho kimoja.
- Angalia salio la bando kabla na baada, uandike umetumia MB ngapi.

Ukishaijua hesabu hiyo, utajua ununue bando la kiasi gani siku ya kazi yenyewe. Kwa vikundi, wafundisheni watu wawili, siyo mmoja, maana katibu naye huugua au kusafiri. Kwa usajili wa kikundi na maombi ya mkopo, anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu awaeleze nyaraka zinazotakiwa, mziandae mapema.

Kazi njema, na msimu mwema.