Shoka, Moto na Mbegu Kando ya Mto Chicago

Tawi la Kaskazini la mto Chicago, nchini Marekani, hupita katikati ya makazi ya watu, na kandokando yake zimetengwa hifadhi za misitu za Kaunti ya Cook. Ardhi hiyo ilinusurika kujengwa, lakini haikunusurika kuharibika: kufikia miaka ya 1970 uoto wake wa asili ulikuwa ukitoweka. Mwaka 1977 wakazi wa kujitolea, wakiongozwa na Steve Packard, walianza kuurudisha.

Uoto huo ni wa namna mbili zinazopakana: preri, yaani mbuga wazi ya nyasi ndefu na maua, na mapori ya mialoni iliyoachana kiasi cha jua kufika chini. Yote mawili huishi kwa moto. Kwa karne nyingi wenyeji wa asili, wakiwamo Wapotawatomi, walikuwa wakichoma nyasi. Mwaloni wa huko una gome nene linalohimili miali, na nyasi za preri zina mizizi mirefu inayochipua upya majani yakishaungua. Walowezi walipoizima mioto hiyo katika karne ya 19, vichaka vilitanda.

Kichaka sumbufu kuliko vyote ni Rhamnus cathartica, kilicholetwa kutoka Ulaya kupandwa kama uzio. Huwahi kutoa majani na huchelewa kuyapukutisha, hivyo chini yake huwa giza karibu msimu mzima. Miche ya mialoni hufa, nao ndege hueneza mbegu za kichaka hicho mbali.

Kazi ya kuurudisha uoto huanza kwa kukata vichaka. Kila kisiki hupakwa dawa ya kuua mimea papo hapo, la sivyo huchipua mashina mengi kuliko ya awali. Hufuata moto, unaowashwa na watu waliofunzwa, siku ambayo upepo unatabirika, baada ya kufyeka njia za kuuzuia. Mwisho ni mbegu, ambazo huchumwa kwa mkono kwenye mabaki ya uoto wa asili, hata kando ya reli, kisha huchanganywa na kutawanywa.

Hapo ndipo lilipojitokeza fumbo. Mbegu za preri zilizomwagwa chini ya mialoni hazikustawi. Packard alipata mwanga katika orodha ya mimea ya Illinois iliyochapishwa mwaka 1846 na daktari Samuel Mead, iliyoonyesha kwamba mapori ya mialoni yalikuwa na mimea yake yenyewe. Mbegu za mimea hiyo zilipotafutwa na kupandwa, zilishika.

Mwaka 1996 kaunti iliisimamisha kazi hiyo baada ya majirani kulalamikia ukataji wa miti na moshi. Baadaye iliruhusiwa tena hatua kwa hatua. Malalamiko hayo yalieleweka, kwa kuwa mtu aliyezoea kuona kijani hudhani kila kijani ni uzima. Lakini hifadhi ya mjini iliyozungukwa na mbegu za kigeni na kunyimwa moto haiwezi kujiponya. Hukatwa, huchomwa na kupandwa tena na tena, na majirani hupaswa kuelezwa sababu kabla shoka halijainuliwa.