Kukimbia Maili Ishirini na Sita na Kutazama Mji wa Jirani

Muhula uliopita, katika kurasa hizi, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliandika habari za mbio zetu za nyika, na mwishoni akauliza: mtu anayemaliza wa sitini hupata faida gani? Swali lile lilinigusa, kwa sababu mimi nilimaliza wa hamsini na nane. Jibu langu ni kwamba yuko mtu ninayemjua vizuri ambaye hajapata kushinda hata mbio moja, na hata hivyo mbio zimempeleka kuona miji mikuu miwili ya Ulaya kwa muda wa siku tano. Nataka kueleza jinsi jambo hilo lifanywavyo, na zaidi jinsi lisivyopasa kufanywa, maana mtu huyo, ambaye ni mjomba wangu, alikosea siku moja tu, na kosa hilo likamharibia kazi ya miaka mitatu.

Marathoni ni mbio za kilomita 42 na mita 195, yaani maili 26 na yadi 385. Urefu huo ulitumika mara ya kwanza katika Olimpiki ya London mwaka 1908, ukafanywa kipimo cha dunia nzima mwaka 1921. Siku hizi mashindano hayo hufanyika katika miji mingi mikubwa, na jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kuwa wanaoshindania fedha ni wachache sana. Wengine wote, maelfu kwa maelfu, ni makarani, waalimu, wauguzi na mafundi waliolipa ada zao ili wakimbie njia moja na mabingwa. Mimi sidhani kama uko mchezo mwingine wa namna hii. Huwezi kulipa ada ukaingia uwanjani kucheza kandanda na timu ya taifa. Lakini mjomba, ambaye ni fundi wa mabasi mjini Arusha, alikuwamo katika mashindano ya Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 23 Aprili 2023, siku ile Samwel Mailu wa Kenya aliposhinda kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 8. Mjomba alikuwa nyuma yake kwa mbali sana, lakini njia ilikuwa ile ile.

Basi mtu akisha kulipa nauli ya ndege kwa ajili ya mbio za asubuhi moja, hapana budi ajiulize: je, karibu na hapo pana nini kingine? Katika Ulaya miji mikuu imekaribiana kuliko tunavyodhani tunapotazama ramani ya ukutani. Toka Vienna mpaka Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, ni kilomita 60 hivi tu, na gari la moshi huchukua muda wa saa moja. Ni karibu kuliko Moshi na Arusha. Miji yote miwili imejengwa kando ya mto mmoja, Danube, na mtu akipenda aweza kwenda kwa mashua ya abiria badala ya gari la moshi. Budapest, mji mkuu wa Hungaria, uko mbali zaidi, kiasi cha saa mbili na nusu au zaidi kidogo kwa gari la moshi.

Lakini ukaribu huo haukuwa na maana wakati wote. Mwaka 1914 ilifunguliwa reli ya umeme kati ya Vienna na Bratislava, na watu walikwenda na kurudi kama sisi tunavyokwenda sokoni. Halafu, baada ya Vita Kuu ya Pili, Bratislava ikawa upande wa Wakomunisti. Mpaka ukafungwa kwa uzio wa seng'enge na walinzi wenye bunduki, na wako waliouawa wakijaribu kuuvuka. Mambo hayo yalidumu mpaka mwisho wa mwaka 1989. Slovakia yenyewe ilipata kuwa dola ya peke yake tarehe 1 Januari 1993, na toka Desemba 2007 hapana tena ukaguzi wa kawaida wa hati mpakani hapo, maana nchi zote mbili zimo katika umoja wa Schengen. Kwetu sisi tusio wa Ulaya hii ndiyo habari kubwa kuliko zote: viza moja ya Schengen yatosha kuingia nchi zote mbili, na Hungaria pia. Hata fedha ni moja, yuro, ila ukifika Hungaria yakupasa kubadili upate forinti. Hata hivyo pasipoti usiiache hotelini, kwani waweza kuulizwa wakati wo wote.

Sasa nirudi kwa mjomba. Alikuwa amekimbia marathoni ya Moshi mara nne, na muda wake bora ulikuwa saa 4 na dakika 6. Alitaka kushuka chini ya saa 4, na alitaka kufanya hivyo Vienna kwa sababu moja. Katika mji huo iko bustani kubwa iitwayo Prater, na ndani yake inapita njia iliyonyooka kama rula, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4, na miti pande zote mbili. Yaitwa Hauptallee. Hapo ndipo Eliud Kipchoge, tarehe 12 Oktoba 2019, alipokuwa mtu wa kwanza kumaliza urefu wa marathoni chini ya saa mbili: saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia, kwa kuwa hayakuwa mashindano ya wazi na alisindikizwa na wakimbiaji 41 waliokuwa wakipokezana. Mjomba hakujali habari ya rekodi. Alisema atapita Hauptallee akikimbia, asitembee hata hatua moja. Akaweka akiba miaka mitatu, akauza pikipiki yake. Bibi alimwuliza, "Mwanangu, wauza pikipiki ili ukachoke Ulaya? Huku huwezi kuchoka?" Sisi tulicheka, lakini nadhani hata yeye hakuwa na jibu.

Alifika Alhamisi. Ijumaa alichukua namba yake ya kifuani akapumzika. Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya mbio, akapanda gari la moshi kwenda Bratislava.

Nimemwuliza mara nyingi kwa nini hakungoja mpaka Jumatatu. Husema kwamba Jumamosi hakuwa na kazi, na kukaa hotelini kulimtia hofu ya mbio. Basi akaona mji, na aliuona barabara, hilo siwezi kumnyima. Alipanda kwa miguu mpaka kwenye ngome iliyo juu ya kilima, yenye minara minne, iliyoungua mwaka 1811 ikajengwa tena katika karne ya ishirini. Alishuka mpaka kanisa la Mtakatifu Martin, ambamo wafalme wa Hungaria walikuwa wakivikwa taji toka mwaka 1563 mpaka 1830. Humo ndimo alimovikwa taji Maria Theresa mwaka 1741, mtawala yule yule aliyeifanya Schönbrunn kuwa ikulu yake kubwa ya Vienna. Na njia ya mbio hupita mbele ya Schönbrunn kabla ya nusu ya mwendo. (Mimi nilifurahi sana kuona kwamba historia na mbio zimekutana namna hiyo, lakini mjomba asema alipopita pale Jumapili alikuwa akitazama chupa za maji tu.) Alipita chini ya Lango la Mikaeli, akapiga picha na sanamu ya shaba ya mfanyakazi anayechungulia kutoka shimoni barabarani, ambayo iliwekwa mwaka 1997 na hupendwa na wageni kuliko sanamu za wafalme. Njia za mji wa kale zimetandikwa mawe, si lami. Chakula chake cha mchana kilikuwa mkate na kahawa. Aliporudi Vienna usiku, simu yake ilikuwa imehesabu hatua 27,000.

Jumapili alianza vizuri. Wakimbiaji huvuka Danube juu ya daraja la Reichsbrücke, na asema kwamba kishindo cha miguu ya maelfu ya watu darajani ni kama mvua juu ya bati. Nusu ya njia aliimaliza kwa saa 1 na dakika 58, jambo ambalo lilimpa matumaini. Njia huingia Prater mara mbili, mara ya pili miguu ikiwa imekwisha choka. Katika Hauptallee, baada ya kilomita ya 30, mapaja yakakaza yakawa kama mti. Akatembea. Akajaribu kukimbia, akatembea tena. Njia ile iliyonyooka, aliyoiuzia pikipiki, aliipita akitembea, na kwa kuwa imenyooka aliweza kuona mbele yake urefu wote uliobaki. Alimaliza kwa saa 4 na dakika 51.

Kwa nini yalimpata hayo? Wenye kusoma Biolojia watanisaidia. Chakula cha wanga huwekwa katika misuli na katika ini kwa namna ya glaikojeni, na akiba hiyo kwa mtu mzima ni kiasi cha kilokalori 2,000 hivi. Kukimbia kilomita moja hutumia karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mjomba ana kilo 66; basi 66 mara 42 ni 2,772. Mafuta ya mwili hulipa sehemu ya deni hilo, lakini hulipa polepole. Ndiyo sababu wakimbiaji wengi hulegea baada ya kilomita 30, hata waliolala siku nzima ya kuamkia mbio. Mjomba alianza akiwa amekwisha toa sehemu ya akiba yake kilimani Bratislava, na mkate mmoja haukuweza kuirudisha. Zaidi ya hayo, kushuka kilima na kutembea juu ya mawe huichosha misuli ya mapaja kwa namna ambayo mtu haihisi siku ile ile, bali kesho yake.

Basi mpango ulio bora ni kuacha mji wa jirani mpaka baada ya mbio. Lakini hapo pana jambo jingine la kufikiri. Maumivu ya misuli baada ya marathoni huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na kinachouma zaidi ni kushuka ngazi, kwa sababu msuli wa paja hubeba uzito huku ukivutwa. Mjomba Jumatatu alishuka ngazi za hotelini kinyumenyume, akishika ukuta, na mtoto wa mgeni mmoja alimcheka. Kwa hiyo kwa siku hiyo yafaa kuchagua vitu vya kutazamwa mtu akiwa amekaa, au akiwa amechukuliwa. Bratislava ungemfaa sana Jumatatu! Angekwenda kwa mashua, akakaa dirishani akitazama mto. Juu ya nguzo ya daraja kubwa la mji ule, lililokwisha mwaka 1972, kuna mkahawa wa mviringo kama sahani, na lifti hupandisha watu mpaka juu. Ngome angeiona kutoka pale bila kupanda kilima. Kutembea kidogo mahali tambarare hakudhuru, bali husaidia, ila si hatua 27,000.

Mimi bado sijafikisha miaka 18, na mashindano mengi ya marathoni hayapokei aliye chini ya umri huo. Wala Vienna si mahali pa mtu ambaye mfuko wake ni mfuko wa mwanafunzi. Lakini tulipokaa na mjomba likizo iliyopita tulitazama ramani tukaona kwamba nasi tuna mji mkuu wa jirani. Toka Moshi kwenda Nairobi kwa njia ya Arusha na Namanga ni kilomita 350 hivi, na mabasi yapo kila siku. Sisi Watanzania hatuhitaji viza kuingia Kenya. Yahitajiwa pasipoti au hati ya safari itolewayo na Uhamiaji, na inafaa kuchukua cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Safari ni ya siku karibu nzima, na mtu aliyekimbia jana hukaa kitini tu.

Tumeandika katika daftari hivi: Jumamosi, kula wali na kulala, basi. Jumapili, kukimbia Moshi. Mimi nusu marathoni, yaani kilomita 21 na kidogo, yeye nzima. Jumatatu, basi la Nairobi. Jumanne, jengo la mikutano la Kenyatta, lililofunguliwa mwaka 1973, ambalo lina lifti, na kutoka juu mji wote huonekana. Halafu makumbusho ya reli, ambako mtu huweza kupanda ndani ya mabehewa ya zamani akakaa. Mimi nilitaka kuongeza mbuga ya wanyama iliyo kando ya mji, mjomba akauliza kama wanyama huonwa kwa miguu au kwa gari. Nikasema kwa gari. Akaiandika.

Nauli ya kwenda atanilipia yeye. Ya kurudi amesema niitafute mwenyewe, na nimekwisha anza kuweka.